Korido ya Sabuni

Pazio alikuwa na ugomvi wa miaka na nguzo.

Siyo nguzo ya umeme. Hii ni mti mrefu wa msonobari ambao wanaume wa Gallipoli, kusini mwa Italia, wanaulaza pale gatini kila sikukuu ya Mtakatifu Kristina, joto la mwezi wa saba likiwa limepamba moto. Shina linafungwa kwenye mawe, ncha inaachwa hewani juu ya bahari, halafu mti wote unapakwa shahamu na sabuni mpaka inzi akitua anajuta kuzaliwa. Kule nchani kuna bendera ndogo. Unakimbia miguu mitupu. Ukiishika bendera, mji ni wako mpaka sikukuu ijayo. Usipoishika, unatua majini, watu wanacheka mpaka wanashikana mabega, na wewe unaogelea kurudi foleni.

Pazio alikuwa anaogelea kurudi foleni tangu ndevu zake zinaanza kuota. Sasa zilikuwa zimeanza kuingia mvi, na bendera hajaigusa hata kwa ukucha.

Kibaya zaidi, Uccio, kaka wa mke wake, alikuwa ameshaichukua mara tatu, na Uccio siyo mtu wa kuacha jambo lilale. Jumapili wakikaa mezani, yeye ndiye wa kwanza kufungua mdomo.

"Shemeji, nisogezee chumvi. Shika vizuri lakini, isije ikakuponyoka."

"Kula, Uccio."

"Nakula. Ila hii tambi ina mafuta mengi. Angalia usije ukaikanyaga."

Meza nzima inaangua kicheko, na Pazio naye anacheka, maana ukinuna ndiyo umekwisha.

Mwaka uliopita alikuwa ameanguka vibaya. Badala ya kutua majini, alitua kwenye ukingo wa mtumbwi wa waokoaji, mbavu zikalia kama biskuti. Mkewe Cesaria alimuuguza wiki nyingi, anamgeuza kitandani kama samaki kwenye kikaango, na siku alipoweza kusimama alimshika mkono akampeleka kanisani mbele ya sanamu ya Mtakatifu Kristina.

"Apa."

"Niape nini tena?"

"Mwakani unapanda mara ya mwisho. Ushike usishike, basi. Baada ya hapo unakaa kwenye kiti na wenzio wenye viuno vibovu, mnawacheka watoto wa watu."

Pazio akaapa. Kwa hiyo mwaka huu ndio ulikuwa wenyewe. Ama aishike bendera, ama aende kaburini akiwa mtu wa kutaniwa kwa chumvi.

Sasa, kazi yake. Baridi ikiingia, Pazio anapaka rangi mashua za watu. Kiangazi, yeye na Cesaria wanapangisha kwa wageni wa likizo ile nyumba ya bibi yake, ghorofa ya juu kwenye kichochoro nyuma ya kanisa kuu; wenyewe wanaishi chini yake. Vyumba viwili, roshani juu ya kichochoro, jiko linalotazama bahari, bafu ambalo mtu mrefu anaoga kwa heshima, ameinamisha kichwa. Mashuka, jiko na tabasamu la mlangoni ni kazi ya Cesaria. Sakafu, choo, mtungi wa gesi na mabegi ya kupandisha ngazi ni ya Pazio.

Na ile nyumba ina korido. Watu wa zamani sijui walikuwa wanawaza nini, lakini kutoka mlangoni hadi jikoni ni njia moja nyembamba, ndefu, imenyooka kama rula, na chini ina vigae vya maua vilivyosuguliwa na miguu ya ukoo mzima mpaka vikawa laini kama shavu.

Mwanzoni mwa kiangazi Pazio alikuwa amesimama pale na ndoo yake, anapiga deki, akateleza kidogo. Akajishika ukutani. Akaitazama korido. Korido nayo kama vile ikamtazama.

Lazima ujue kwamba kufanya mazoezi ya nguzo ni aibu. Nguzo ni ya moyo, ndivyo wanavyosema pale gatini. Mwanaume anayefanya mazoezi ni kama bwana harusi anayejifunza kubusu kwenye kioo. Halafu mji wa kale ule hauna pa kujificha. Ukikohoa chumbani kwako, jirani wa dirisha la mbele anakuuliza kama umeshakunywa dawa. Mahali pekee ambapo mtu anaweza kuwa peke yake, mlango umefungwa na mapazia yameshushwa, ni nyumba ya wageni, zile saa ambazo walioondoka wameshaondoka na wanaokuja hawajafika.

Basi kila wageni walipobadilishana, Pazio alikuwa anafunga mlango kwa ndani, anavua nguo anabaki na kaptula ya kuogelea, anasugua korido yote kwa kipande cha sabuni na mafuta ya nguruwe, anafunga taulo la vyombo kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, anarudi nyuma, anapiga ishara ya msalaba, anakimbia. Na anaanguka. Akishachoka kuanguka, anamwaga maji ya moto na siki, anapiga deki mpaka vigae vinang'aa.

Cesaria hakujua kitu. Alikuwa anajisifu kwa majirani.

"Mume wangu mwaka huu sijui kapatwa na nini. Ile sakafu unaweza kulia chakula. Wageni wote wanaisifia."

Lakini Pazio mwenyewe alijua mambo hayaendi. Nusu ya kwanza anakwenda kama upepo. Akifika katikati, kuna kitu kinamshika mgongoni. Mwili unarudi nyuma, miguu inaendelea na safari, na yeye anabaki amekaa chini anatazama dari.

Sikukuu ilikuwa imebaki siku mbili. Familia kutoka Bologna ilikuwa imeondoka asubuhi, na wazee wawili kutoka Ufini walitegemewa jioni. Cesaria alikuwa ametoka kwenda kuweka oda ya samaki wa siki na zafarani, wale ambao bila wao hakuna sikukuu. Pazio akajifungia. Siku hiyo alipaka mafuta kama mtu anayemuaga mpenzi wake, hakubakiza kigae.

Alichosahau ni kuacha ufunguo kwenye tundu kwa ndani, kama alivyozoea, ili wa nje usiingie.

Wazee wale walikuwa wamewahi treni ya mapema. Cesaria alikutana nao kwenye daraja la kuingilia mji wa kale, wanaburuta mabegi juani, akawachukua moja kwa moja.

"Njooni, njooni, nyumba iko tayari. Mume wangu anamalizia sakafu tu."

Pazio alikuwa ndiyo kwanza ameanguka mara ya nne, amekaa mlangoni mwa jiko anajisugua nyonga, aliposikia ufunguo unageuka.

"Cesaria, usi—"

Bibi wa Kifini alishaingia. Alikuwa mwembamba, ana kofia ya majani na mkoba kwapani. Mguu wake wa kwanza ulipogusa kigae, ukaondoka. Pazio akafumba macho kusubiri kishindo.

Hakukuwa na kishindo. Alipofumbua, bibi alikuwa anakuja. Amesimama wima, magoti yameinama kidogo, mikono imekaa pembeni kama ya mtu anayesubiri kupewa mtoto, anateleza korido nzima bila haraka, kofia haijatikisika. Akapita vyumba vyote viwili. Akafika jikoni, akadaka lile taulo la vyombo kwenye kitasa, akasimama mbele ya Pazio.

"Hamjambo," alisema. Kiitaliano chake alikuwa amejifunza darasani, kimenyooka kama taarifa ya habari. "Mimi ninaitwa Sirkka. Je, hapa ndipo jikoni?"

Pazio alitaka kujibu, lakini kule mlangoni Cesaria alikuwa amepiga hatua. Yeye kishindo chake kilikuwepo. Jirani wa dirisha la mbele alifungua pazia hapohapo.

"Cesaria! Umekufa?"

"Bado! Lakini kuna mtu leo atakufa!"

Akaja korido nzima kwa makalio, anajivuta kwa visigino, na kila kigae alichopita alikitaja pamoja na ukoo wa mumewe. Alipofika jikoni, nguo nyeusi yote mafuta, alinusa mkono wake.

"Mafuta ya nguruwe."

"Cesaria, ngoja nikueleze."

"Na sabuni. Unaleta nguzo ndani ya nyumba ya bibi yako! Nawasifia watu sakafu, kumbe natangaza ujinga wako! Huyu mama angevunjika nyonga je? Eti Pazio? Tungemwambia nani?"

"Mimi sikuvunjika," alisema Sirkka kwa adabu.

"Wewe mama nyamaza kidogo, nakutetea. Pazio! Nguzo imekwisha. Umenisikia? Mwaka huu hupandi."

Pazio akawa mweupe. "Cesaria, niliapa mara moja. Mara moja hii hapa ni yangu."

"Ulikuwa nayo. Umeitumia hapa koridoni."

Akakaa kitini, Pazio akamfungia barafu kwenye taulo akamwekea chini ya paja, naye akaipokea bila kumtazama.

Kule mlangoni bado alikuwa amesimama mume wa Sirkka, bwana Tauno, mtu mnene, mabegi mikononi. Kiitaliano hajui hata neno. Alikuwa ameangalia yote bila kubadilisha uso. Sasa aliweka mabegi chini taratibu, akavua viatu, akavua soksi, akazikunja, akaziweka ndani ya viatu. Akarudi nyuma hadi ngazini.

"Anafanya nini huyo?" Cesaria aliuliza.

"Nadhani amependa," alisema Sirkka.

Tauno akaja. Mwanzo alikuja kwa miguu. Katikati alikuwa kwa magoti. Mwisho alikuwa chali, anazunguka polepole kama feni inayozimwa, mikono ameikunja kifuani, uso uleule. Akaingia jikoni kichwa mbele, akakomea kwenye mguu wa kiti cha Cesaria, akamtazama kutoka chini akasema neno moja la kwao.

"Amesema nini?"

"Amesema asante kwa makaribisho."

Cesaria alijizuia. Alibana midomo, akatazama dirishani, akatazama barafu. Halafu mabega yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka mpaka akashika nyonga kwa maumivu, analia na kucheka, anampiga Pazio kwa lile taulo, analia tena.

Sirkka alisubiri amalize. "Bibi Cesaria, ninaomba kuuliza. Kwa nini bwana huyu anapaka mafuta?"

Ikabidi aelezwe. Bendera, bahari, Uccio, chumvi, mbavu. Cesaria ndiye aliyeeleza, na kwa jinsi alivyokuwa anaeleza zile mbavu, mikono inapaa, ilionekana kwamba naye alikuwa amebeba ile bendera moyoni miaka yote, ila hakutaka kusema.

"Mimi nilikuwa ninapeleka barua," alisema Sirkka. "Kaskazini, kwa miguu. Huko barabara ni barafu nusu ya mwaka. Bwana, tafadhali nionyeshe unavyokwenda."

Pazio akamtazama mkewe.

"Usinitazame mimi. Sakafu imeshaharibika. Kimbia, nione na mimi ninachougulia."

Akakimbia. Akaanguka palepale katikati.

"Nimeona," alisema Sirkka. "Katikati unaogopa."

"Mimi? Siogopi!"

"Anaogopa!" Cesaria alipaza sauti kutoka kitini. "Mwambie, mama, mwambie!"

"Ukiogopa kuanguka, mwili unarudi nyuma. Ukirudi nyuma, umeshaanguka. Sisi hatugombani na kuanguka. Tunachagua mapema ni wapi tutaangukia. Nilipokuwa na barua, nilikuwa ninachagua mlango wa mwenye nyumba. Kama nitaanguka, nitaanguka pale. Barua itafika."

Pazio alikuna kichwa. Miaka yote hiyo alikuwa anakimbia ili asianguke. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuanguka kumo ndani ya hesabu, kinachotakiwa ni kuanguka upande wa bendera.

Mchana kutwa walibaki koridoni. Sirkka anasema "kifua mbele, bwana, kifua," Cesaria anapiga kelele "usikae! nani kakwambia ukae!", na Tauno kila wakimsahau kidogo anapita tena, chali. Jioni Pazio alipiga deki, na Cesaria akapita juu ya vigae na soksi kuhakikisha.

"Unapanda," alisema mwishoni. "Lakini ukivunja ubavu mwingine, mimi sikujui. Nenda kwa mama yako."

Siku ya sikukuu ukuta wa mji ulijaa watu mpaka juu. Bendi inapiga, watoto wananing'inia kama popo, mashua zimezunguka nguzo. Muuza samaki mmoja mwenye kipaza sauti ndiye aliyekuwa mwamuzi, na alikuwa anatangaza wanaoanguka kama anavyotangaza bei sokoni.

"Huyo! Mbichi kabisa! Mwingine!"

Uccio aliteleza vibaya raundi ya kwanza, mguu huku mguu kule, akatua kwa kishindo. Alipopanda, anachuruzika maji, akamkuta Pazio kwenye foleni.

"Shemeji, leo ndiyo kuagana, nasikia. Nikuletee kiti kabisa?"

"Lete viwili," alisema Pazio.

Raundi ya kwanza Pazio alifika katikati, akaanguka. Ya pili hivyohivyo. Kule juu ukutani Cesaria alikuwa amesema hatazami, amejifunika uso kwa kofia ya Sirkka, lakini kofia ya majani ina matundu. Alipoona anapanda raundi ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho, aliivua.

"Kifua!" alipiga kelele, sauti ikapita juu ya bendi. "Pazio! Kifua mbele, mbwa wee!"

Pazio alisikia. Akaacha kutazama miguu yake. Aliitazama bendera, na kabla hajapiga hatua ya kwanza alikuwa ameshachagua: nitaanguka pale.

Akakimbia. Nusu ya kwanza ikapita. Katikati kile kitu kikamshika mgongoni kama kawaida, na mguu wa kushoto ukaondoka. Safari hii hakukifuata nyuma. Alijirusha. Tumbo likagonga mti, pumzi yote ikatoka, na nguzo, badala ya kumtupa, ikamchukua. Aliteleza kwa tumbo, mikono mbele, mafuta yanamwingia puani, anaona bendera inakua, inakua, halafu mti ukaisha na chini kukawa na bahari.

Chini ya maji kulikuwa kimya. Hakujua kama ameshika au hajashika, maana mkono wote ulikuwa mafuta. Akaufinya. Kulikuwa na kitambaa.

Akatoka mkono ukitangulia.

Kelele zilizopigwa pale, njiwa wote wa kanisa kuu waliondoka. Kila mtu alishangilia isipokuwa Uccio. Uccio alikuwa ukingoni, mishipa ya shingo imemtoka.

"Kwa tumbo! Amekwenda kwa tumbo! Hii ni mbio, siyo kuteleza kama kambale!"

Mwamuzi alishusha kipaza sauti. "Uccio. Kanuni inasema nini?"

"Inasema ukimbie."

"Inasema nini?"

Uccio alishusha sauti. "Inasema ushike bendera."

"Yule kashika nini?"

Uccio alimtazama shemeji yake kule majini, mzee mzima anaelea, bendera ameing'ata sasa kwa meno ili apate mikono ya kuogelea, anacheka kwa pembeni ya mdomo. Akavuta pumzi. Halafu akajitupa majini, akapiga mbizi, akatokea chini ya Pazio na kumwinua mabegani, anamtembeza mbele ya mashua zote.

"Shemeji yangu huyu!" alikuwa anawapigia kelele. "Wa kwangu huyu! Mnamwona?"

Gatini Cesaria alikuwa anamsubiri. Alimpapasa mbavu, upande huu, upande ule, moja baada ya nyingine. Alipomaliza zote, akamshika mashavu yenye mafuta akambusu mbele ya mji.

Desturi ni kwamba bendera inakaa roshanini kwa mshindi mpaka sikukuu iishe. Na kwa Pazio, chini wanakoishi, dirisha linatazama mapipa ya taka. Roshani iko kule juu, na kule juu kulikuwa na watu waliolipia nyumba yao.

Kwa hiyo mtu aliyezaliwa ndani ya nyumba ile alipanda ngazi na maji yanamdondoka, umati umejaa ngazini nyuma yake hadi nje kichochoroni, akavua ndara mlangoni, akabisha hodi.

"Nani?" aliuliza Sirkka kutoka ndani.

"Mimi, Pazio. Samahani kuwasumbua. Naomba... naweza kutumia roshani yenu kidogo?"

Alisikia wakishauriana kwa lugha yao. Kisha mlango ukafunguliwa, na Tauno alikuwa amesimama pale, shati jipya, nywele amezichana. Akamsogelea Pazio, akamwinamia kama watu wanavyomwinamia askofu, akajibanza ukutani ili apite.

Pazio akatembea koridoni, polepole, vigae vikavu chini ya nyayo zake. Mkononi bendera ilikuwa inadondosha maji, na hakuna mtu nyumba nzima aliyemwambia afute.